Mshenga Aliyetia Chumvi

Wapendwa, leo nianze na mshenga mmoja, maana wengi humu ndani mmeoana kwa mdomo wa mshenga, na wengine mpaka leo mnamtafuta. Mnacheka? Haya, chekeni sasa hivi.

Mshenga huyu alikuwa na ulimi mtamu. Posa aliyoipeleka yeye haikurudi. Mlevi alimwita kijana mchangamfu. Mvivu alimwita mtulivu. Na yule mgomvi wa kupiga watu ngumi kilabuni, alisema ana msimamo. Mkewe alikuwa akikutana na wale mabibi harusi sokoni, wengine macho yamevimba, mpaka siku moja uzalendo ukamshinda.

"Baba watoto, mbona unawadanganya watu?"

"Uongo ni wa mwizi mbele ya hakimu," akajibu huku akipuliza chai. "Mimi natia chumvi tu. Mboga isiyo na chumvi nani ataila?"

Basi zamu ikafika nyumbani kwake. Binti yake kitindamimba, aliyempenda kama mboni ya jicho, akapata mchumba. Kijana akamtuma mshenga wake, mzee wa kijiji cha jirani. Wakaketi sebuleni. Binti alikuwa nyuma ya pazia, moyo unamdunda, maana kijana yule alimpenda kweli.

"Kijana wetu ni mchangamfu," mgeni akaanza, "tena mtulivu, na ana msimamo."

Baba akaweka kikombe chini. Mlevi, mvivu na mgomvi, yote matatu kwa mtu mmoja? Akajikaza.

"Pombe je?"

"Hagusi."

Hagusi! Yeye mwenyewe aliwahi kusema hivyo hivyo juu ya bwana harusi aliyeokotwa mtaroni kesho yake.

"Mzee mwenzangu, niambie bila chumvi."

"Chumvi gani tena, mzee? Nimekueleza nilivyomjua tangu mtoto. Mungu ni shahidi yangu."

Masikini baba, hata Mungu alishamfanya shahidi mara nyingi katika posa zake. Akamtazama mgeni usoni. Uso ulikuwa mpole, na yeye pia akiwa kazini uso wake huwa mpole. Alitamani kuamini, jamani, alitamani sana! Akatafuta neno moja tu ambalo mgeni akilitamka atajua hii ni kweli, akalikosa. Yote alishayatumia. Akairudisha posa, na nyuma ya pazia binti akaangua kilio.

Mwaka haukuisha, kijana akaoa nyumba ya pili kutoka pale. Ndugu zangu, alikuwa mchangamfu. Alikuwa mtulivu. Pombe alikuwa hagusi! Jioni anateka maji mkewe akipika, na kicheko chao kinavuka ua. Binti akaweka ungo wa mchele chini, akamgeukia baba yake.

"Baba, yule mzee alikudanganya neno lipi?"

Baba, mwenye ulimi wote ule mtamu, akauinamia ungo, akaanza kuchagua mchele.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi nasi uongo tumeupa majina ya kupendeza: chumvi, kamba, utani, kumtuliza mtu, lugha ya biashara. Uko kitandani, shuka mpaka kidevuni, unasema kwenye simu, "Niko njiani, nimekaribia." Mwenzako anakungoja juani. Huo unauitaje, mpendwa? Tulidhani tukiubadilisha jina utapungua makali. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa fupi kweli, maana iliishia sebuleni kwake.

Leo ukirudi nyumbani, mwanao akikuambia, "Mama, si mimi niliyekula sukari," utajuaje? Mkeo akikuambia anakupenda, utapima kwa mizani ipi, na mizani uliiharibu kwa mkono wako?

Yule binti bado yuko kwa baba yake, na swali lake halijajibiwa. Mwenye jibu humu ndani, na asimame.