Chicha Haidaiwi Tui

Chicha haidaiwi tui. Mama kawaambia hivyo asubuhi, nyie mkacheka. Basi kaeni chini niwaambie neno hilo lilikoanzia, halafu mcheke tena kama mtaweza.

Bibi aliyemzaa baba yetu aliitwa Rohaya. Kwao Malaka, mbali huko. Babu Shaali alikuwa baharia wa meli, akamuoa hukohuko, akamleta hapa Tanga. Siku ya kuagana babu alimwahidi mama yake Rohaya: "Mwaka haupiti, nitamleta umwone."

Bibi alikuja na mkono wa kupika. Anasaga mchele, anauchanganya na tui na sukari guru, anafunga kwenye jani la mgomba, anapika kwa mvuke. Ukifungua jani, nyumba nzima inanukia. Watu wa hapa walikuwa hawajaonja kitu kile. Wakakipenda, na hapo ndipo alipoponzeka.

Kila babu akijiandaa na safari, bibi anafunga nguo zake. Na kila akifunga, mama wa babu, Bi Mwanakombo, ana shughuli. "Mwanangu, harusi hii, nani atapika?" Harusi ikiisha, hitima. Hitima ikiisha, maulidi. Babu anakuna kichwa: "Safari ijayo, mke wangu." Mawifi wanamtania: "Mama yako hatoroki, wifi. Vitamu ndivyo vinavyoisha." Anacheka nao, anafungua nguo, anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Miaka kumi na moja hiyo.

Mwaka wa kumi na mbili, siku ya maulidi, ua umejaa wageni, babu akaingia jikoni na barua. Bibi alikuwa ameshakamua nazi mara mbili, chicha imebaki kwenye kifumbu. Akaifungua barua kwa vidole vya unga, akasoma. Mama yake amefariki, mwezi wa pili sasa. Aliugua siku nyingi. Alitaka kitanda chake kiwekwe mlangoni, amwone kila anayeingia.

Bi Mwanakombo akaja mbio. "Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu. Lakini watu wamekaa, na vitamu havitoshi. Ikamue tena hiyo, tui litapatikana."

Babu naye: "Rohaya, safari hii nakuchukua. Wallahi nakuchukua."

"Nikamwone nani?"

Babu akanyoosha mkono amshike.

Bibi akachota chicha, akamtia mkononi. "Kamua."

"Rohaya, jamani..."

"Kamua, Shaali. Wewe si una nguvu?"

Babu akakamua mpaka mishipa ikamtoka. Halikudondoka tone.

"Umeona," bibi akasema. "Mlinikamua la kwanza, mkanikamua la pili. Chicha haidaiwi tui."

Akazima moto, chungu bado kinatoa mvuke. Wageni wakaondoka na kahawa tupu. Bibi aliishi miaka thelathini mingine humuhumu ndani. Hakununa, hakugombana, ukimuuliza anajibu. Ila hakupika tena vile vitamu, na hakuuliza tena habari ya safari. Babu alimwomba msamaha mpaka akazeeka. Bibi akimwambia, "Nimeshakusamehe," na kweli alikuwa amesamehe. Hakuna kilichorudi.

Kwa hiyo mama akiwaambia neno lile, msimvute kanga mkasema "kidogo tu, mama." Alichokuwa nacho tumeshakichukua, na mimi nimo. Chicha haidaiwi tui.