Kwa Nini Kila Mstari wa Maelezo Hubeba Alama Yake

Zamani hizo, kompyuta zikiwa bado changa na hazijui utani, maelezo ya waandishi wa programu yalibeba alama ya reli (#) moja tu, mwanzoni kabisa. Mashine ikiiona hujua kwamba mstari huu si amri, ni maneno ya binadamu kwa binadamu mwenzake. Huupita kimya.

Na maneno yalikuwa mengi! Katika mji wa Mwambalazi, kumwachia mwenzio kazi bila salamu kulikuwa utovu wa adabu. Bi Sikudhani, aliyeandika programu ya pampu za maji, ndiye aliyekuwa bingwa wao. Maelezo yake yalianza kwa kumjulia mtu hali, yakapitia kwa watoto na mbuzi, ndipo yakafika kwenye shida yenyewe. Yote yakiwa mstari mmoja, ulitoka nje ya kioo cha kompyuta, msomaji akaufukuza kama kuku aliyetoroka.

Watu walipochoka, kihariri, yaani programu ya kuandikia, kikaamriwa kukata kila mstari unaofika ukingoni na kuushusha chini. Kikakata maelezo na amri sawasawa, na kipande kilichoshuka hakikupewa alama.

Siku hiyo Mwanahawa, bintiye Sikudhani, alikuwa zahanati, uchungu umemshika. Mama mtu akamwandikia mwenzake wa zamu, Kombo, salamu ndefu, akamalizia kwa onyo: hapa usije ukaiambia mashine funga maji. Akaiwasha programu, akakimbilia zahanati.

Akakuta bomba limekauka. Mkunga alitoka na ndoo tupu.

"Mama, mtoto yu njiani, na sina hata tone la kunawia mikono."

Sikudhani aligeuka papo hapo. Alirudi mbio akamkuta Kombo anahangaika na pampu zisizo na kosa. Sikudhani akatazama kioo, akaona onyo lake limekatika vibaya: "funga maji" yamekaa chini peke yake, hayana alama, na mashine imetii.

"Tufute salamu, Bi Siku," Kombo akasihi.

"Nikuachie kazi kama namwachia ng'ombe majani? Thubutu!"

Akakifunza kihariri adabu. Amri kisiziguse kabisa. Maelezo kiyakate mapema, kati ya neno na neno, na kila mstari mpya uanze na alama yake. Akaiwasha programu upya, huku akimwomba Mungu.

Pampu zikanguruma. Baadaye kidogo simu ikaita, naye mkunga alikuwa anacheka. "Maji yametoka, mama, na mjukuu naye katoka. Wote wazima!" Sikudhani akaketi sakafuni, akalia kwa furaha bila aibu, na Kombo akamsaidia kulia.

Na tangu siku hiyo maelezo yamekuwa membamba, yakishuka chini taratibu, kila mstari na alama yake. Ukitamani kuifuta hata moja kwa kudhani ni pambo, kwanza uliza nani yuko zahanati.