Mfalme Teofilo Aliyetaka Kuiona Imani

Hapo zamani za wafalme wa milimani, palikuwa na mfalme jina lake Teofilo, aliyebatizwa uzeeni, na tangu maji yale yamguse kichwani hakumpa mtu kitu ila maombi. Maombi hayana gharama, naye alikuwa mchoyo wa kutupwa.

Basi ukaja ukame, ikawa bwawa la mfalme ndilo pekee lenye maji. Akaja mjane, Nakijwa, akapiga magoti, akasema, "Mfalme wangu, mihindi yangu inakauka, na wanangu hawana kingine. Nifungulie mfereji walau asubuhi moja."

Mfalme akafumba macho, akamwombea kwa sauti tamu, kisha akasema, "Enenda kwa amani, mama. Imani yatosha. Matendo ni majivuno ya mwili."

Mbonea, fukara mmoja miongoni mwa wachukuzi wa machela ya mfalme, akacheka.

"Wacheka nini, maskini wewe?" mfalme akauliza.

"Naihurumia mihindi, mfalme wangu, maana haijabatizwa."

Mfalme akaghadhibika. "Kwa kuwa waidharau imani, nionyeshe imani niione kwa macho yangu kabla jua la kesho halijatua. Ukiweza, mjane atapata maji. Usipoweza, shamba lake nalitwaa, nawe utafungwa."

Kesho yake mfalme alikwenda kanisani, ng'ambo ya mlima, amejilaza katika machela kama gunia la viazi, na wachukuzi wanne wakihema chini yake. Walipofika katikati ya mwinuko, penye mawe na jua kali, Mbonea akawakonyeza wenzake, wakamtua. Wakapiga magoti, wakamwombea mfalme afike salama, wakasema amina, wakageuka kurudi.

"Mwaniacha? Miguu hii hainifikishi popote, nanyi mwajua."

"Tumekwisha kukuombea, mfalme wangu," akajibu Mbonea. "Imani yatosha. Kukubeba ni majivuno ya mwili."

"Maombi yenu yatanifikishaje bila mabega yenu, enyi wapumbavu?"

"Basi umeiona imani, mfalme wangu. Uliitaka kwa macho, kumbe tangu asubuhi ulikuwa umeilalia."

Wachukuzi wakacheka waziwazi, na mfalme hakuona pa kuuficha uso wake. Akavua pete yake ya muhuri, akampa mmoja wao aipeleke kwa mlinzi wa bwawa. Akakaa pale juani akingoja, na hawakumwinua mpaka walipoyaona maji yakiteremka bondeni, yakiingia shambani kwa Nakijwa. Ibada ya siku ile ilimpita, wala sijasikia kwamba Mungu alimuulizia.