Kanuni ya Bi Hester na Mafundi wa Alabama

Mwanamke aliyekwisha kupumzika uzazi anaweza kumsema mkunga atakavyo: mikono yake mizito, maneno yake mengi, ada yake kubwa. Lakini mwenye tumbo na aufunge mdomo wake. Hajui uchungu utamshika saa ngapi, wala ni mkono wa nani utakaokuwa karibu siku hiyo. Ndiyo maana wahenga wakasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii inawafaa wote wanaopenda kuwatukana watu wasiowajua, na katika nchi ya Marekani watu wa namna hiyo hawana idadi. Huko kila jimbo lina jina baya lililopewa na jimbo jingine. Wa kaskazini humwita wa kusini mshamba, wa kusini humwita wa kaskazini mwenye kiburi, na wote wawili hudai kuijua California kuliko waliozaliwa huko. Sisi wa Wendham, kimji kilichojibanza katika vilima vya magharibi mwa Massachusetts, hatukuwa bora kuliko wengine. Tena tulizidi, kwa sababu chuki yetu tuliipigia kura ikawa kanuni.

Aliyeileta kanuni hiyo ni Bi Hester Pomeroy. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na nusu ya mji ilikuwa imepita darasani kwake. Majimbo yote hamsini aliyajua kwa miji mikuu yake, mito yake na mazao yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka kusini ya New York. Alikuwa pia mmoja wa wajumbe watatu wa baraza linaloendesha mji wetu. Mumewe, Everett, alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi hadi mapafu yake yalipogoma. Sasa alishinda kitini karibu na jiko la kuni, mpira mwembamba wa hewa puani, na pembeni yake mashine ya oksijeni ikinguruma usiku na mchana.

Kwa desturi ya kwetu, kila mwezi wa Mei wakazi hukusanyika ukumbini na kila mmoja ana sauti, awe profesa au mchota kinyesi cha ng'ombe. Mwaka ule Hester alisimama na hoja yake. Alitaka mji wetu usinunue kitu wala usimwajiri au kumlipa mtu au kampuni yoyote kutoka majimbo saba ya kusini, ambayo aliyasoma moja baada ya jingine. Alabama ilitangulia kwa sababu inaanza na herufi A.

"Wale watu wanaishi karne iliyopita," alisema. "Hawasomi, hawafikiri, na wakipiga kura wanatuharibia nchi nzima."

Gordon Teague, mjumbe mwenzake, ambaye hupika shira tamu kwa utomvu wa miti iitwayo mepo na ana duka njia panda, aliinua kichwa. "Mwalimu, umewahi kufika huko hata mara moja?"

"Sina haja ya kuingia zizini ndipo nijue kuna ng'ombe, Gordon. Harufu inatosha."

Watu walicheka, na kicheko kikampa Hester nguvu. Gordon aliomba jambo moja tu: kanuni iweze kusimamishwa wakati wa dharura, ikiwa wajumbe wote watatu wa baraza watakubaliana. Hester alikubali bila kufikiri sana. Dharura gani itakayomfanya mtu wa Massachusetts amwite mtu wa Alabama?

Kura ilipopigwa, mikono mingi iliunga mkono. Walipoulizwa wanaopinga, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Everett. Njiani kurudi nyumbani, mkewe hakuweza kujizuia.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Everett."

"Wewe ulikuwa unawavua wasiokuwepo, bibie. Mimi angalau nimekuvua ukiniona."

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Idi ya Hester iliangukia Desemba. Redio ilitangaza kwamba mvua ya barafu inakuja, ile mvua inayoanguka maji na kuganda papo hapo juu ya kila inachokigusa. Mtu wa kwetu haogopi theluji. Theluji utaichota kwa sepetu, ukishachota mambo yamekwisha. Lakini barafu ya namna ile huvunja miti kama vijiti, na miti ikiangukia nyaya, mji mzima huwa gizani.

Jioni kabla ya tufani, Chester Wojcik alibisha mlango wa akina Pomeroy. Chester ndiye meneja wa shirika dogo la umeme la mji, mwenye mafundi watatu tu wa kupanda nguzo. Mji kama wetu ukipatwa na maafa huomba msaada, na mafundi wa majimbo mengine huja na malori yao. Hivyo ndivyo inavyofanyika nchi nzima. Leo kwako, kesho kwangu.

"Kuna kikosi kimeegesha Connecticut," Chester alisema bila hata kukaa. "Watu kumi na malori yao. Wanasubiri mji wa kwanza utakaowaita. Wenzako wawili wamekubali. Nimebakiwa na wewe."

"Wametoka wapi?"

Chester alikuna kidevu. "Alabama."

Hester alitazama pembeni. "Ita wa Vermont. Au wa Quebec, ni karibu tu hapo."

"Bi Hester, wa Vermont watakuwa na barafu yao wenyewe. Na Quebec vilevile."

"Hester," Everett aliita kutoka kitini, "wachukue hao watu."

Ukweli ni kwamba moyo wake ulimwambia akubali. Lakini aliona ukumbi wa Mei, akaona jinsi walivyocheka, akaona jinsi watakavyocheka sasa. Kula matapishi yake mbele ya Gordon Teague alikuona kugumu kuliko barafu. "Kanuni ni kanuni," akasema. "Tuwasubiri wa Vermont."

Chester alivaa kofia yake akaondoka. Everett alifumba macho, na Hester alijua kuwa ule haukuwa usingizi.

Alfajiri Hester aliamshwa na ukimya. Mashine ya oksijeni ilikuwa imenyamaza. Alimwunganisha mumewe na mtungi wa akiba, kisha akaenda dirishani. Miti miwili ya msonobari ilikuwa imelala katikati ya njia ya kwao, imejisokota na nyaya za umeme, na nguzo imekatika katikati. Hapo hakuna gari la wagonjwa ambalo lingepita. Hata zimamoto hawaruhusiwi kugusa mti uliolala juu ya waya mpaka fundi wa umeme ahakikishe waya umekufa. Mitungi ilikuwa miwili, na mmoja ulikwisha kuanza kutumika. Ikitumiwa kwa uangalifu, yote miwili ingemfikisha Everett machweo, basi.

Alimpigia Chester kwa simu aliyoichaji ndani ya gari.

"Mafundi wangu wako hospitali ya wazee upande wa pili," Chester alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Siwezi kuwatoa pale. Vermont wamekataa. Quebec hawapokei hata simu."

"Na wale wa Alabama?"

"Wamechukuliwa na mji mwingine jana usiku, Bi Hester. Saa moja baada ya mimi kutoka kwako."

Hester alikaa juu ya ngazi. Aliogopa, lazima isemwe hivyo, kwa sababu alikuwa mwanamke asiyeogopa kitu. Kutoka sebuleni alisikia mumewe akivuta pumzi polepole, kwa kubana matumizi, kama mtu anayekula chakula cha mwisho ghalani.

"Waite, Chester. Waombe. Nakubali kanuni isimame. Waambie..." Alitafuta neno akalikosa. "Waambie tafadhali."

"Nitajaribu. Lakini wamefanya kazi tangu jana. Wana haki ya kulala."

Saa za mchana zilikwenda kwa mwendo wa kobe. Hester alichochea jiko, akabandika sufuria ya maharage kwa sababu mikono yake ilitaka kazi, akatazama mshale wa mtungi, akachochea jiko tena. Adhuhuri alibadilisha mtungi. Everett alimtazama kwa jicho moja.

"Wanakuja?" aliuliza.

"Sijui. Usiongee, unapoteza hewa."

"Miaka arobaini... unataka ninyamaze. Leo umepata."

Hester alicheka, halafu akageuka asionekane akilia. "Ni mdomo wangu uliokufikisha hapa," alisema huku amempa mgongo. Everett alitikisa kichwa kukubali.

Mshale ulikuwa umegusa alama nyekundu waliposikia msumeno. Hester alitoka nje bila koti. Huko chini ya njia kulikuwa na malori makubwa yenye vikapu vya kuinulia mafundi, na vibao vyake vya namba vilikuwa vya Alabama. Wanaume wenye kofia ngumu walikuwa wamekwisha kuuzima waya na kuuunganisha na ardhi usimdhuru mtu, na sasa waliikata misonobari vipande vipande. Mzee mmoja mwenye ndevu za mvi alimwona akainua kiganja.

"Rudi ndani, mama," alisema kwa sauti ya kuvuta maneno, ile ile aliyoiigiza Hester mara nyingi ili kuwachekesha wageni wake. "Utaanguka hapo. Mgonjwa ana hewa ya kutosha?"

"Kidogo sana."

Mzee hakuuliza jingine. Aligeuka akapaza sauti, na mmoja wa vijana wake akakimbia kupanda njia akiwa amekumbatia jenereta ndogo kama mtu aliyebeba mwanakondoo. Kabla mshale haujafika mwisho, mashine ya oksijeni ilikuwa inanguruma tena kwa jenereta ile. Nguzo mpya ilisimama baadaye, na jua lilipozama taa za Wendham ziliwaka nyumba baada ya nyumba kuelekea bondeni.

Hester hakuwaacha waondoke na njaa. Aliwaingiza wote sebuleni, wakajaa mpaka kwenye ngazi, akawapakulia maharage na mkate mweusi. Yule mzee alikuwa msimamizi wao, jina lake Lamar Tidwell. Alikula kimya, akaongezewa, akala tena.

"Bwana Tidwell," Hester alisema, amesimama na upawa mkononi. Alipiga moyo konde. "Kuna jambo inakupasa ulijue. Mji huu una kanuni inayowakataza ninyi. Aliyeileta ni mimi."

Lamar alifuta ndevu zake.

"Tunajua, mama. Meneja wetu alitusomea kwenye simu tukiwa tunakula. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Halafu akauliza nani ataacha usingizi aje huku, nami nikainua mkono."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nimwone huyo mtu mwenyewe." Alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Nilidhani utakuwa mrefu."

Everett alicheka mpaka ikabidi mtu amrekebishie mpira puani. Hester alihisi uso ukimchoma kwa aibu, na bado akajikuta anacheka naye.

"Usijilaumu peke yako," Lamar aliendelea, safari hii bila mzaha. "Na sisi tumetoka kwetu na maneno yetu. Mke wangu alinijazia lori chakula cha makopo. Aliambiwa watu wa Massachusetts hawampi mtu wa kusini hata maji, mpaka kwanza wamsahihishe anavyozungumza."

"Hilo la kusahihisha," Everett alisema, "hakudanganywa."

Asubuhi yake malori yaliondoka kwenda mji mwingine wenye giza. Barazani kwa akina Pomeroy waliacha kasha la makopo ya karanga za kuchemsha, chakula ambacho Hester alikuwa hajawahi kukiona wala kukisikia, licha ya kuwafundisha watoto mazao ya Alabama kwa miaka yote ile. Everett alifungua kopo moja akaonja, kisha akalificha kasha nyuma ya kiti chake.

Mei iliporudi, ukumbi ulijaa hadi mlangoni, kwa maana habari ilikuwa imeenea. Hester alisimama mahali pale pale. Hakusoma karatasi.

"Naomba tuifute kanuni niliyoileta mwaka jana," alisema. "Niliwasema watu nisiowajua. Walipojua niliyoyasema, walikuja hivyo hivyo. Sina la kuongeza."

"Mwalimu," Gordon aliuliza kutoka nyuma, "sasa umewahi kufika Alabama?"

"Bado. Tunakwenda Oktoba. Karanga za Everett zimekwisha."

Mikono iliinuka ukumbi mzima. Msimamizi wa mkutano akauliza wanaopinga, kwa kutimiza taratibu tu, na mkono mmoja ukapanda juu. Ulikuwa wa Everett. Watu wote wakageuka kumtazama.

"Samahani," alisema, akaushusha. "Nimezoea."

Kanuni ikafutwa. Siku hizi mtu akianza kuwasema watu wa mbali dukani kwa Gordon, Hester huchukua mkate wake akaenda zake. Na kila anapolala huisikiliza kwanza mashine ile ikinguruma kando ya kitanda, kwa kuwa kila pumzi anayoisikia ilipitia mikononi mwa watu aliowatukana. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.