Tangi Lililosogezwa Dirishani

Haya, kahawa yangu mmeshainywa, sasa mnataka na hadithi. Watu wazima na ndevu zenu! Mkiambiwa neno waziwazi mnanuna, mkifungiwa ndani ya mfano mnalimeza. Basi kaeni vizuri, na atakayejiona humo asinikodolee macho mimi.

Mtu mmoja alikuwa na tangi la samaki. Tangi la kioo, kubwa kama sanduku la bibi harusi, la maji baridi yasiyo na chumvi. Jina lake Shemdoe, fundi cherehani wa Korogwe. Samaki alinunua yeye. Majani yaliyoota humo ndani aliyaleta mkewe, Mwanahawa, aliyeyang'oa kwenye mfereji wa kwao akayapanda chini ya maji, shina kwa shina, kama mtu apandaye mpunga. Tangi lilikaa pembeni mwa ukumbi, mahali penye gizagiza, na maji yake yalikuwa meupe hata kokoto za chini ukaziona.

Lakini kitu kizuri kikikaa pembeni humwasha mwenyewe. Shemdoe aliona hasara kuwa na samaki wasioonekana. Akalisukuma tangi mpaka kwenye dirisha linalotazama njia ya gulioni, jua la asubuhi likaliingia, na la alasiri likaliingia. Wapita njia wakasimama. "Shemdoe, umetuletea mto mpaka nyumbani!" Akasikia, akanenepa.

Tena alikuwa mtu wa adabu. Alilelewa hivi: huli mbele ya macho ya mtu bila kumkaribisha. Na samaki wana macho, tena ndani ya kioo hawana pa kuyageuzia. Kwa hiyo kila aliyekula ukumbini alimega na kuwatupia: chapati, ugali, punje za wali. Mgeni akisahau, Shemdoe alimkumbusha. Samaki walikula walichoweza, kilichobaki kikashuka chini kuoza.

Ndipo maji yalipoanza kugeuka. Kioo kilishika utelezi wa kijani, kama koga la mtungi wa zamani. Shemdoe akafuta. Ukarudi. Akafuta kwa nguvu, ukarudi na nywele. Nyuzinyuzi za kijani zikaning'inia kwenye majani ya Mwanahawa kama ndevu za beberu. Akamwaga maji yote akatia mapya. Baadhi ya samaki wakafa kwa ghafla ile, na kijani kikarudi palepale. Akakaa kwenye cherehani akashona suruali ya mtu mguu mmoja mbele nyuma. Hakuelewa. Chakula anawapa. Mwanga anawapa. Watu wanawasifu. Ikiwa huku ndiko kupenda, uchafu unatoka wapi?

Wapita njia nao wakageuza maneno. "Fundi, siku hizi unafuga mlenda?" Hilo lilimchoma kuliko kufa kwa samaki. Akajiuliza: kijani humu ndani kililetwa na nani? Jibu likaja lenyewe, na jibu jepesi kwa mtu aliyechanganyikiwa ni tamu kama halua. Akang'oa majani yote, akayajaza kwenye beseni, akamkabidhi mkewe.

"Rudi kwenu na majani yako."

Mwanahawa alijitwika beseni akashika njia, maji yakimchuruzika mabegani, mchana kweupe, watu wakitazama.

Shemdoe akangoja maji yatakate. Hayakutakata. Yakawa mazito, mlenda kweli sasa, samaki wakapanda juu wakahema midomo wazi. Na nyumba nayo ikachafuka vilevile. Ndugu zake waliozoea kuja kula bila hodi walikuta jiko baridi, wakaondoka wakimsema. Wateja aliowapa maneno makali walikuwa wakipozwa na Mwanahawa mlangoni. Sasa walichukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi mwingine. Akazidi kupotewa. Mwenye kosa ameondoka, mbona kosa limebaki?

Akaenda ukweni, hajui hata anakwenda kuomba nini. Akamkuta bibi yake Mwanahawa, kikongwe asiyeogopa mtu, akichambua mchele. Nyuma ya jiko, kivulini, lilikuwapo beseni lilelile. Majani yamesimama, mapya yanachipua, na maji meupe hata maua yaliyochorwa chini ya beseni yakaonekana. Shemdoe akainama, akainuka, akainama tena.

"Mnalisafisha na nini, bibi?"

"Halisafishwi, mume wangu," alisema yule kikongwe, maana bibi wa mke hutania hivyo. "Hapa jua halikai, wala hakuna anayelilisha chapati ili asifiwe. Uchafu kidogo uliopo, majani yanaula. Wewe uliumwaga uchafu kwa mikono miwili, kisha ukamfukuza aliyekuwa akiula."

Shemdoe alichuchumaa kando ya beseni. Akawakumbuka ndugu zake, akawakumbuka wateja, akayakumbuka maneno yake mwenyewe makali ya kila jioni kwa mkewe. Yote yale nani alikuwa akiyameza, ili maji yaonekane meupe?

Akataka kuleta mbuzi wa kuomba radhi. Bibi akamkataa mbuzi. Tangi lirudi pembeni, alisema, lifunikwe kanga mpaka kijani kife njaa. Mgeni akikaribishwa, ale chakula chake na mikono yake aikunje. Na beseni atalirudisha yuleyule aliyelitoa.

Ikawa hivyo. Siku ya gulio, jua likiwa kali, Shemdoe alipita mbele ya dirisha lake na beseni kichwani, maji yakimchuruzika kwenye kola aliyoishona mwenyewe, na Mwanahawa yuko mbele yake, mikono mitupu, hana haraka. Alikuwa ametaka watu wasimame watazame kilicho chake. Wakasimama, wakatazama.