Majivu ya Kindi

Hapo zamani za kale, na wewe mwenye kikohozi sogea karibu na moto usikie, wanyama walilimia majembe ya Kindi. Kindi alikuwa mhunzi, mdogo wa mwili lakini akili tele. Kutwa nyundo yake ililia: kang! kang! kang!

Ng'ambo ya mto aliishi Kiboko, tajiri wa majembe. Yake aliyauza kwa hasara, makusudi kabisa. Ndiyo maana Mfalme Tembo alimtoza ushuru kivukoni, ili asiiue karakana ya mhunzi wao.

Siku moja Kiboko akaja, puu! puu! puu!

"Mtukufu, ondoa ushuru! Mimi nitawauzia watu wako jembe kwa kikapu kimoja cha mtama. Kindi anataka vitatu!"

"Kweli, anatukamua," wanyama wakanung'unika. Na kweli alikuwa amezidisha, tusimfichie.

Tembo akauondoa ushuru. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi kwa Kindi. Akautazama moto wake, akalia. Karakana ikifa, wanawe watakula nini?

Kisha akafuta machozi. Katika nchi ile, mhunzi akiacha kazi humwaga majivu yake njia panda, kila mtu ajue. Asubuhi Kindi akayamwaga, fwaa! Halafu akaenda kwa Tembo. "Mtukufu, leo usikose sokoni."

Kiboko akapita njia panda, akayaona majivu. Hata hakuuliza. Mbio hadi sokoni!

"Kuanzia leo jembe ni vikapu kumi!"

"Haa! Si jana tu kilikuwa kimoja?" Pundamilia akamaka.

"Jana imepita, bwana. Kindi amefunga. Na mvua hiyo inakuja, au mtalima kwa meno?" Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Tembo alikuwa nyuma yake, amesikia kila neno. Mara, kutoka karakana ya Kindi kando ya soko: kang! kang! kang!

"Nani huyo?" Kiboko akashtuka.

"Ni mimi, Mzee Kiboko!" Kindi akachungulia mlangoni. "Nimemwaga majivu tu. Makaa bado ninayo."

Tembo akainua mkonga. "Ushuru unarudi leo hii. Nawe Kindi, jembe vikapu viwili. Ukitukamua tena, nauondoa."

"Nimesikia, Mtukufu," Kindi akajibu kwa aibu.

Basi wanangu, anayewauzia kwa hasara yake, muulizeni kwanza anangoja nani afe.