Ngazi za Bwana Mhina

Bi Siwema, fundi cherehani wa Korogwe, alivunjika mguu, ukaunga vibaya, akashindwa kukanyaga pedeli. Akaomba mafao ya ulemavu. Bwana Mhina, afisa wa mafao, akamkatalia.

"Hakuna afisa aliyethibitisha kwamba mguu huo ni mbovu. Ukitaka kukata rufaa, ilete mwenyewe ofisini kwangu, ghorofa ya tatu."

Lifti haikuwepo. Akipanda, ataambiwa ni mzima. Asipopanda, rufaa imekufa.

Siku ya rufaa Bi Siwema alikaa chini, kwenye benchi la mlinzi, akitafuna karanga. Saa saba Bwana Mhina akashuka kwenda kula.

"Mama, mbona hukupanda? Muda umekwisha!"

"Nimejaribu, mwanangu. Vidato vitatu tu, mguu ukagoma. Muulize mlinzi."

"Kweli, bosi, nusura aanguke," mlinzi akasema.

"Basi rufaa imekataliwa."

"Sawa, baba. Ila nyumbani watasema sikufika. Niandikie sababu, ugonge na muhuri."

Bwana Mhina hakumwachia mtu muhuri wake. Alitembea nao mfukoni. Akaandika huku akicheka: "Rufaa imekataliwa. Mwombaji hawezi kupanda ngazi kwa sababu ya mguu wake." Akasaini, akagonga muhuri, paa!

Bi Siwema akashukuru, akajikongoja hadi chumba cha mkurugenzi, palepale chini.

"Mheshimiwa, ule uthibitisho wa afisa uliokuwa unakosekana, huu hapa. Shika taratibu, wino haujakauka."